Shamba la Muheza linalotoa gunia 4: je, udongo umekufa?

"Mtaalamu, shikamoo. Nina ekari 3 za marehemu baba huku Muheza. Sehemu ya juu ni udongo mwekundu, huku bondeni ni kichanga. Baba amelima hapa kama miaka 30. Nikiwa mdogo alikuwa anapata gunia 12 za mahindi kwa ekari, mwaka mzuri hata 14. Msimu uliopita mimi nimeambulia 4. Mvua nazo hazieleweki: vuli inakuja siku inayotaka, masika ikishuka inashuka kwa fujo. Hatujawahi kutia mbolea ya chumvichumvi, na majirani wananiambia nisithubutu kwa kuwa ndiyo iliyoua ardhi ya huku. Baada ya kuvuna tunafyeka na kuchoma masalia, kama baba alivyokuwa akifanya. Mdogo wangu aliyeko chuo kasoma mtandaoni kwamba dunia nzima imebakiza mavuno 60 tu, baada ya hapo udongo basi. Mume wangu anataka tuuze twende Handeni kwenye ardhi mpya. Je, udongo wangu umekufa kweli? Na kosa ni letu au ni la hali ya hewa?"

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msimu. Kutoka gunia 12 hadi 4 ni kuanguka hasa, na naelewa kwa nini nyumbani kwenu habari za kuuza zimeanza. Nikutoe wasiwasi kwanza: udongo wako haujafa. Kwa maelezo uliyonipa una njaa ya miaka mingi, unapoteza mboji kila mnapowasha moto, na hali ya hewa imekuja kuzidisha shida iliyokuwapo tayari. Njaa na moto viko mikononi mwenu. Mvua haiko mikononi mwa mtu, ila makali yake yanapunguzika. Kuuza subirini.

Tuanze na hayo mavuno 60, maana yanavunja watu moyo bure. Kauli hiyo ilianza kuvuma mwaka 2014 ikisemwa kuwa ni ya Umoja wa Mataifa, na waliojaribu kutafuta utafiti ulioizaa hawakuuona. Mwambie mdogo wako aachane nayo, ila asije akageuka akaamini kwamba hakuna tatizo. Mwaka 2015 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa ripoti kubwa juu ya hali ya udongo duniani, ikakadiria kwamba theluthi moja ya ardhi imeharibika kwa kiwango cha kati au kikubwa, kwa mmomonyoko, kupungua kwa mboji, chumvi, uchachu, kushindiliwa na uchafuzi. Utafiti mwingine wa 2020 ulilinganisha kasi ya udongo kuondoka na kasi yake ya kuzaliwa katika mashamba ya nchi mbalimbali. Katika mashamba yanayolimwa kwa njia ya kawaida, zaidi ya 90% udongo wake unapungua unene, na 16% yamebakiza chini ya miaka 100 kabla tabaka la juu halijaisha. Yaani wapo ambao wamebanwa kweli, wapo wenye karne nyingi mbele yao, na wapo ambao kwa kuuhifadhi udongo wameufanya uongezeke. Namba moja ya kuwatisha watu wa dunia nzima haipo.

Sasa majirani. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba shamba hili halijawahi kuona mbolea ya chumvichumvi. Basi limeuliwaje na kitu ambacho hakijawahi kufika?

Hata hivyo jirani zako hawakuota. Kuna jambo waliloliona kwa macho yao wakalielezea vibaya. Mbolea zenye amonia, SA (salfeti ya amonia) hasa, na urea kwa kiasi chake, bakteria wakizigeuza kuwa naitreti huacha uchachu udongoni. Mtu akitia SA mwaka hadi mwaka, akabeba mahindi na mabua yote, asirudishe kitu, pH, yaani kipimo cha uchachu, inashuka kidogo kidogo, na kadiri inavyoshuka uchachu unazidi. Ikifika chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia ndani ya udongo huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, na fosforasi hung'ang'aniwa na chuma na alumini mmea ukaikosa. Mkulima anaona mbolea ileile haifanyi kazi, anaongeza, bado haifanyi kazi, mwisho anasema ardhi imezoea mbolea. China wameyaona haya kwa ukubwa wake: walimwaga naitrojeni kupita kiasi, na kati ya miaka ya 1980 na ya 2000 pH ya mashamba yao ilishuka kwa takriban nusu pointi, kiwango ambacho kwa udongo ni kikubwa sana.

Lakini China si Muheza. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaazimia kwamba ifikapo 2015 mkulima wa bara hili awe anatumia kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Mwaka 2015 ukafika ukapita, Tanzania hatukufikia, na nchi nyingi za jirani pia. Ndiyo maana huwa nakereka kidogo na video za Ulaya zinazosambazwa kwenye makundi ya wakulima wetu, zikiwahimiza wapunguze mbolea. Ushauri ule ni mzuri kwa mtu ambaye mbolea yake ya ziada inatiririka hadi mtoni. Wewe hujatia hata chembe. Tena iko nchi iliyojaribu kuacha mbolea za viwandani kwa amri: Sri Lanka ilipiga marufuku mwaka 2021, na mwaka huohuo ikalazimika kulegeza; mavuno ya mpunga yalianguka na nchi iliyokuwa inajitosheleza kwa mchele ikaanza kuagiza.

Sasa tuje kwenye kilichotokea shambani kwenu, na hapa nitakaa kidogo. Shamba lililolimwa bila kurudishiwa ni duka linalouza kila siku bila kuleta mzigo: rafu haziishi siku moja, na mwenye duka huendelea kuamini biashara ipo mpaka asubuhi anapokuta amebaki na viberiti. Tufanye hesabu. Tuseme kwa miaka 30 wastani ulikuwa gunia 8 kwa ekari. Ekari 3 ni gunia 24 kwa mwaka, na kwa miaka 30 ni gunia 720, yaani tani 72 za punje. Kila tani ya punje za mahindi huondoka na naitrojeni karibu kilo 14. Zidisha: ni tani nzima ya naitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, kwa hiyo kilichotoka getini kwenu ndani ya magunia ni sawa na mifuko zaidi ya 40 ya urea, na hapo sijagusa fosforasi wala potasiamu. Sehemu ya deni hilo ililipwa na kunde na magugu ya jamii ya kunde, na kidogo na mvua. Iliyobaki ilitoka kwenye akiba ya mboji iliyokuwapo baba alipolifungua shamba.

Halafu kuna moto. Ukichoma mabua na majani, karibu naitrojeni yote iliyomo huenda na moshi, pamoja na sehemu ya salfa. Potasiamu, kalsiamu na fosforasi hubaki kwenye majivu, ndiyo maana msimu unaofuata mahindi huchangamka kidogo na watu wakausifia moto. Ila majivu hayana mizizi. Upepo mmoja, au mvua ya kwanza ya nguvu, nayo yako mtoni. Na kubwa kuliko yote ni kwamba kaboni iliyokuwa iwe mboji imeshapaa.

Kwa nini naing'ang'ania mboji? Udongo mwekundu wa huko unaonekana wa maana, na kwa umbo ni mzuri kweli, lakini mfinyanzi wake ni wa aina iliyozeeka, iliyooshwa na mvua kwa muda mrefu mno, na wenyewe hushika virutubisho kidogo. Kazi kubwa ya kushika hufanywa na mboji iliyo kwenye sentimita 20 za juu. Mboji hiyohiyo ndiyo inayounganisha chembe za udongo kuwa vidonge vyenye matundu ambamo maji huingia na mizizi hupita, na ndiyo chakula cha nyungunyungu, kuvu na bakteria. Ikiisha, hata ukinunua mbolea, sehemu yake nzuri huteremka na maji kabla mhindi haujaifikia.

Wajerumani walilipia somo hili huko huko kwenu. Miaka ya 1890 walipanda Usambara Mashariki, wakaona misitu minene ya Amani na kandokando yake, wakadhani msitu mkubwa maana yake udongo tajiri. Wakafyeka, wakapanda kahawa. Mashamba hayo hayakudumu, kwa sababu utajiri ulikuwa unazunguka kwenye majani yanayodondoka na kuoza, na chini yake udongo wenyewe ulikuwa maskini na mchachu.

Hali ya hewa inaingilia wapi? Sehemu tatu, na zote zinapita kwenye mboji. Joto kwanza. Vijidudu vinavyoozesha mboji hufanya kazi kwa kasi inayokaribia kuwa maradufu joto likipanda nyuzi 10. Uingereza, kwenye kituo cha Rothamsted ambacho majaribio yake yalianza mwaka 1843, kuna kipande cha shayiri kilichowekwa samadi kila mwaka kuanzia 1852 hadi 1871 kisha kikaachwa, na zaidi ya karne moja baadaye bado udongo wake ulikuwa na kaboni nyingi kuliko wa jirani yake ambao haukuwahi kupata samadi. Sisi wa pwani tusahau mambo hayo. Kwa joto la Tanga mboji inaliwa haraka, inabidi kulisha udongo kila msimu, na kila nyuzi inayoongezeka duniani inaongeza ulaji huo.

Pili, mvua. Hewa ikipata joto la nyuzi 1 zaidi hubeba mvuke zaidi kwa takriban 7%, ndiyo maana mvua zikija zinakuja kwa kishindo. Vuli ya 2019 unaikumbuka, bahari upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida. Na ya 2023, mwaka wa El Niño. Tone kubwa likipiga udongo mtupu huvunja vile vidonge, vumbi lake huziba matundu, juu panaganda ukoko, na maji badala ya kuzama yanateleza na udongo wako. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2019 kwamba mashamba yanayolimwa kwa kutifua yanapoteza udongo zaidi ya mara 100 ya kasi ya udongo mpya kuzaliwa, na hata yasiyotifuliwa hupoteza mara 10 hadi 20. Tatu ni ukame wa katikati ya msimu kama ule wa vuli ya 2021: mazao yakidumaa, mizizi na majani ya kurudi udongoni navyo vinakuwa haba, na msimu unaofuata unaanzia chini zaidi.

Umeuliza kosa ni la nani. Nakujibu kwa swali: pale karibu na jiko, mnapomwaga majivu, maganda ya mihogo na uchafu wa kuku, mahindi yanakuwaje? Mara nyingi yanasimama kijani kuliko ya shambani, na mvua iliyowanyeshea ni ileile. Kama kwenu ni hivyo, basi sehemu kubwa ya tofauti ya gunia 12 na 4 imo kwenye udongo, na hali ya hewa inachukua iliyobaki. Na neno kosa nisingelitumia kwa baba. Enzi zake kipande kikichoka kiliachwa kikapumzika miaka kadhaa, na moto juu ya pumziko la namna hiyo haukuwa na madhara makubwa. Ardhi ilipokuwa finyu pumziko likaondoka, moto ukabaki.

Kabla hujatumia hela yoyote, fanya jambo moja. Chukua glasi mbili za maji safi. Kutoka shambani chimba kidonge cha udongo kikavu, ukubwa wa kidole gumba. Chukua kingine cha udongo huohuo mwekundu mahali pasipolimwa, labda mpakani chini ya mwembe au mkorosho wa siku nyingi. Vitumbukize taratibu kwa wakati mmoja usiviguse. Cha mwembe kitatoa mapovu madogo na kubaki kimesimama dakika nyingi. Cha shambani, kama hofu yangu ni ya kweli, kitaanza kubomoka pembeni papo hapo na maji yatakuwa kama chai ya rangi. Hicho ndicho kinachotokea kwenye ekari zako 3 kila masika inapopiga. Halafu chimba shimo la sentimita 30 katikati ya mistari ya mahindi na uangalie mizizi. Ikiwa imeshuka sentimita 12 au 15 kisha ikageuka kwenda pembeni, kuna tabaka gumu lililotengenezwa na jembe la mkono kugonga kina kilekile kila mwaka. Hapo hata mvua nzuri haisaidii, maana mmea unakunywa kwenye sahani.

Tuje kwenye njia zilizopo, na kila moja nitakupa na ubaya wake.

Handeni. Sikatai kwamba ardhi iliyofunguliwa karibuni huzaa vizuri, lakini huzaa kwa akiba. Utafiti uliokusanya takwimu za nchi nyingi na kuchapishwa 2002 ulikuta msitu wa asili ukigeuzwa shamba la mazao, kaboni ya udongo hupungua kwa wastani wa 42%. Mkihamia na moto uleule mtakuwa mnaanza upya hesabu ya gunia 720, mahali ambapo mvua ni chache kuliko Muheza. Na kila kipande cha pori kinachofyekwa kinapeleka kaboni hewani na kuongeza joto hilohilo tunalolilalamikia. Mkitaka kwenda kwa sababu nyingine za kifamilia, hayo ni yenu.

Samadi peke yake. Wengi wanaipenda na mimi pia, ila tuwe wakweli juu ya wingi. Kuinua ekari moja iliyochoka unahitaji si chini ya tani 3 za samadi iliyoiva, yaani kirikuu nne hivi, kila mwaka au miwili. Kwa ekari 3 hiyo ni ng'ombe wengi. Tanga kuna bahati ya wafugaji wa maziwa wanaofuga ndani, na baadhi wanatafuta mabua ya kulishia. Unaweza kumpa mwenzio sehemu ya mabua akakurudishia samadi. Usimpe yote. Na ukiipata samadi usiiache juani wiki tatu ikikauka, harufu ile inayokuchoma pua ni naitrojeni inayoondoka. Ifunike kwa majani ya migomba au turubai, na uitie kwenye mashimo ya kupandia, maana kwa uchache wake ukiitawanya shamba zima haitaonekana. Kama jirani yenu kuna shamba la mkonge linalosinga, ulizia mabaki ya kusinga. Sehemu ndogo tu ya jani la mkonge ndiyo singa, kinachobaki ni rundo kubwa ambalo likiozeshwa vizuri ni mboji nzuri.

Mbolea ya viwandani. Kwa hali yako naishauri, kwa kiasi kidogo na mahali sahihi. Ukipanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo karibu 9,000. Kisoda kimoja cha mbolea ya kupandia kwa shimo kinamaliza mfuko mmoja wa kilo 50. Kwa udongo wenye uchachu mbolea inayotokana na fosfeti ya Minjingu ni chaguo zuri, ina kalsiamu ndani yake na huyeyuka vizuri zaidi panapokuwa na uchachu. Ya kukuzia, kama ni urea, igawe mara mbili, utie udongo ukiwa na unyevu, na uifukie. Ukiiacha juu ya ardhi yenye joto, nayo inapaa. Anza na ekari moja. Ikikulipa, ongeza. SA nisingekushauri kwa sasa. Fuatilia mbolea ya ruzuku kwa kujiandikisha mapema kijijini, watu wengi huikosa kwa kuchelewa tu.

Faida ya kutumia vyote viwili iko hivi: mbolea inakupa mahindi makubwa, mahindi makubwa yanakupa mabua na mizizi mingi, na hayo mabua ndiyo mboji ya mwaka kesho. Kwenye shamba la gunia 4 hata ukiacha kuchoma hakuna kikubwa cha kuacha. Ndiyo maana nakataa kuchagua upande kati ya watu wa samadi na watu wa mifuko, ugomvi wao huwa ni wa maneno zaidi.

Moto acheni msimu huu huu. Yalazeni mabua kwenye mistari, mkipanda katikati yake. Yatawasumbua mwaka wa kwanza, panya wataongezeka, mtatumia muda zaidi kwenye palizi ya kwanza. Pia majani makavu yakioza yanakopa naitrojeni ya udongo kwa wiki kadhaa, na mahindi machanga yanaweza kuwa manjano. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutia kidogo ya mfuko. Mifugo ya watu ikipita baada ya mavuno na kumaliza mabua, hilo ni la serikali ya kijiji, mtu mmoja haliwezi.

Mbaazi ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Ipande katikati ya mahindi siku hiyohiyo; itakua polepole mpaka mvune mahindi, kisha itajitanua wakati shamba lingekuwa tupu. Mzizi wake unashuka mbali na kusaidia kupasua lile tabaka gumu, majani yake yanadondoka yenye naitrojeni, na asubuhi una mbaazi za nazi za kulia maandazi. Adui yake ni mbuzi. Kama hamna namna ya kuzuia mbuzi, pandeni kunde au choroko msimu wa vuli, ambazo zinatoka mapema.

Kama sehemu ya juu ina mteremko, chimbeni makinga maji yanayofuata usawa wa ardhi, juu yake mpande mabingobingo au majani ya gwatemala, ng'ombe wa jirani atayanunua. Wazee wa Lushoto wakisikia habari ya matuta huguna, na wana haki: miaka ya 1940 na 1950 wakoloni waliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kwenye miteremko ya Mlalo, kwa amri na adhabu, hadi watu wakagoma na mpango ukafa. Wazo la kuzuia maji lilikuwa sahihi. Ubabe ndio ulioliharibu.

Kile kichanga cha bondeni ni habari nyingine. Mchanga hauna mfinyanzi wa kuilinda mboji, kwa hiyo usitarajie kiwe kama juu. Kitie samadi kidogo kila msimu, mbolea kwa vipimo vidogo vya mara kwa mara, na ufikirie mihogo au minazi. Ila usidanganyike na usemi kwamba mhogo hauchoshi ardhi. Unavumilia udongo maskini, ndiyo, na wakati huohuo unabeba potasiamu nyingi kwenye mizizi. Rudisha majani na vijiti. Na mtu akikuambia mboji itageuza shamba lako kuwa tangi la maji, mpunguzie. Vipimo vinaonyesha maji ya ziada yanayohifadhiwa ni machache. Faida kubwa ni kwamba mvua inazama badala ya kukimbia.

Utegemee nini? Kwa mbolea na nafasi nzuri mnaweza kuona mabadiliko msimu wa kwanza. Mboji yenyewe itachukua miaka mitano na zaidi kuonekana kwenye vipimo. Nayasema haya pia kwa sababu siku hizi wanapita watu na habari za kuwalipa wakulima kwa kaboni ya udongo. Biashara hiyo ipo kisheria, Tanzania ina kanuni zake tangu 2022, lakini kwa ekari 3 kaboni inayoongezeka ni kidogo na inakwenda taratibu. Usitie saini kitu kinachofunga ardhi yako miaka mingi kabla halmashauri na mtu anayejua sheria hawajakisoma.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Ukiona kiduha, kile kimea kifupi chenye maua mekundu kinachoota chini ya mahindi na kuyanyonya mizizi, mwite bwana shamba wa kata akione, na king'olewe kabla ya kutoa mbegu. Ukiona korongo linalokua kila masika, usilijaze takataka peke yako, linahitaji mtu wa kupima maji yanatoka wapi. Na wale wasomaji wa Pangani mlio kando ya mto, ambako maji ya bahari yanapanda kuliko zamani, mkiona ganda jeupe juu ya udongo au ncha za majani zinaungua, msitie mbolea wala chokaa kabla ya kupima chumvi.

Chokaa nayo, mwanangu, usiinunue kwa kusikia. Ikizidi inafunga zinki na mahindi yanatoa mistari myeupe. Inategemea pH, na pH inapimwa. Una bahati kubwa kuliko wakulima wengi wa nchi hii, maana kituo cha utafiti wa udongo cha TARI Mlingano kiko wilayani kwenu. Chimba vipande vya udongo wa sentimita 0 hadi 20 sehemu 10 au 15 ukitembea kwa kukata kona, ukikwepa vichuguu, mahali palipochomwa na chini ya miti. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, ndoo iliyobeba mbolea au saruji hapana, chukua kama nusu kilo, anika kivulini. Udongo mwekundu na kichanga viwe mifuko miwili tofauti yenye majina. Kaombe wapime pH, kaboni, naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Majibu yakitoka niandikie kama yalivyo, pamoja na ulichokiona kwenye glasi, tuyasome pamoja kabla hujanunua mfuko wowote.